Hewa ya Mayai

Mwenye mzazi ndani, au mwenye binti aliye karibu kujifungua, aketi asome habari hii mpaka mwisho. Asiye na mzazi kwake leo, basi jirani yake anaye.

Nyumba ya Elikana pale Ujiji watu waliijua kwa madirisha yake. Majirani wana madirisha ya mbao, yale ya kuegesha jiwe ili yasipigwe na upepo, lakini Elikana alipopata nafuu kwenye biashara yake ya dagaa kule Katonga aliweka vioo vya kuteleza vyenye fremu ya alumini, akapiga na dari, akasakafia kwa saruji. Ukifunga dirisha lile huisikii hata redio ya jirani. Mama yake, Scola, alipenda kuwaonyesha wageni. Anafunga kioo, anatulia kidogo, halafu anauliza, "Mnasikia kitu?" Wageni wanasema hawasikii kitu. Naye anacheka kwa furaha.

Nyumba ya zamani, ya matofali mabichi na bati lililoachia ukutani, ilibomolewa. Ndani ya nyumba ile Scola alizaa watoto wake wote, na kila alipozaa aliwekewa jiko la mkaa chumbani, mlango ukafungwa, akakandwa kwa maji ya moto, akatoka mnene na mtoto mnene. Hewa ya mkaa ilikuwa inapanda juu, inapita kwenye ule uwazi wa bati, inakwenda zake. Hakuna aliyeona kwamba uwazi ule ulikuwa na kazi. Waliuita ubovu wa nyumba tu.

Kwa hiyo Dainess, mke wa Elikana, aliporudi kutoka hospitali na mtoto wake wa kwanza, mtoto wa kike, chumba kilikuwa kinamsubiri. Kioo kimefungwa, pazia zito limeshushwa, jiko linawaka jekundu miguuni pa kitanda.

"Mama, joto," Dainess alisema hata kabla hajakaa.

"Joto ndilo linalotakiwa," Scola alimjibu. "Mwili wa mzazi uko wazi. Baridi ikiingia humo utazeeka nayo. Lala."

"Ego, mama," alisema Dainess, akalala. Alikuwa binti wa kule juu Kalinzi, amelelewa kuitika.

Pembeni ya kitanda, juu ya meza, kulikuwa na mashine yake ya kutotolesha vifaranga. Lilikuwa sanduku la mbao alilochongewa na fundi wa Mwandiga, lina taa ndani na feni ndogo na trei za mayai. Mayai ya kienyeji aliletewa na ndugu zake kutoka Kalinzi, na vifaranga aliwauzia watu. Safari hii uchungu ulimkuta ndiyo kwanza ameyapanga mayai, akamwachia mkwe wake ayaangalie. Umeme nao ukawa wa kuja na kuondoka. Scola akafikiri, mbona chumba cha mzazi kitakuwa na jiko? Akaihamishia mashine humo, ili mkaa mmoja ufanye kazi mbili. Kwa kuwa fundi umeme alikuwa hajamaliza chumba kile, waya ulitoka sebuleni ukapita mlangoni, na mlango ukawa haufungiki mpaka mwisho. Ulibaki uwazi wa kupitisha vidole. Uwazi ule ulimkera sana Scola. Alitundika khanga juu yake, lakini upepo ukawa unaipeperusha.

Alifanya na jambo lingine. Siku moja alikuta kile kisahani cha maji ndani ya mashine kimekauka. Akajua mayai nayo yatakauka, kama ngozi ya mtoto mchanga inavyokauka usipoipaka. Basi akachukua mawese, akayapaka mayai yote kwa kiganja, upande wa juu, taratibu, kwa upendo kabisa. Yakang'aa.

*

Mtoto alikuwa mpole. Hilo ndilo neno walilolisema wanawake wote waliokuja kumpongeza mzazi.

"Jamani, halii!"

"Na midomo yake myekundu, mtazame."

"Huyu amekuja na baraka zake. Wangu alinikondesha."

Mtoto alilala. Alipoamshwa anyonye, alinyonya kidogo akalala tena na ziwa mdomoni. Scola alisikiliza sifa zile kama vile anasifiwa yeye.

Jirani yao Mapendo, ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo na yeye akazaliwa hapahapa Ujiji, alikuja na bakuli la sombe, kisamvu cha kwao. Yeye huuza vitenge, na mdomo wake haujui kunong'ona. Alikaa kwenye kigoda karibu na jiko, akamshika mtoto, akamwangalia kwa muda mrefu.

"Huyu mutoto analala sana, Mama Elikana," alisema. "Wa kwetu akizaliwa analia mupaka baba yake anatafuta nyumba ingine."

"Wa kwenu wana njaa," Scola alimjibu, na wanawake wakacheka.

Mapendo naye alicheka. "Sawa, wana njaa. Lakini miye humu ndani kichwa kinanigonga. Nimekaa kidogo tu."

"Ni hayo marobota ya vitenge unayojitwisha."

"Leo sijabeba kitu."

Alipoondoka, Scola alichota chumvi akaitupa kwenye jiko. Ilipasuka-pasuka. "Anayesema mtoto analala sana anataka nini?" aliuliza.

Dainess ndiye aliyejua kwamba Mapendo amesema kweli, maana kichwa chake yeye kilikuwa hakiachi kuuma. Kilianza kwenye paji la uso kikashuka mpaka shingoni. Akisimama macho yanaingia giza. Mara mbili alitapika supu ya samaki wa migebuka aliyopikiwa.

"Tumbo linajisafisha," Scola alimwambia.

"Lakini mama, nikitoka kwenda kuoga kichwa kinaacha. Nikirudi ndani kinaanza."

"Ahaa! Ndiyo maana kila saa unataka kuoga. Ninyi wasichana wa milimani kukaa ndani hamkujui. Unataka uonekane barabarani na tumbo halijarudi?"

Elikana alirudi kutoka Katonga alasiri, ananuka dagaa, akasimama mlangoni mwa chumba. Wageni walikuwemo. Akavuta pumzi, akakunja uso. "Mama, hebu tufungue kioo kidogo. Humu hewa imelala."

Scola alimwangalia kwanza, kisha akawaangalia wanawake wenzake. "Wewe, Elikana, umezaa lini?"

Kicheko kilichotokea hapo kilimfukuza Elikana mpaka uani. Alishika ndoo ambayo haikuwa chafu, akaanza kuiosha. Alikuwa mwanamume mwenye biashara yake na nyumba yake, lakini mambo ya uzazi hayana baba wala mwenye nyumba. Hakulisema tena.

*

Wakati huo mwanamke mmoja wa Mwandiga, Frida, alikuwa anapiga simu. Banda amekwisha jenga, anataka vifaranga vyake. Dainess alimwambia asubiri, akaamua kuyamulika mayai ajue yanaendeleaje.

Kumulika ni hivi. Unachukua yai moja, unaliweka kwenye tundu la boksi gumu, unawasha tochi ya simu kwa nyuma. Yai linageuka taa. Ndani unaona nukta nyekundu inayodunda, na kutoka kwenye nukta ile mishipa ya damu inatambaa pande zote kama mizizi ya mche mchanga. Dainess alipenda kazi hiyo kuliko zote. Alizoea kuimba akiifanya.

Safari hii hakuimba. Yai la kwanza lilikuwa na pete ya damu tu, mviringo mwekundu, na katikati kimya. La pili hivyohivyo. La tatu lilikuwa hai, lakini alikuwa hajapata kuona kitu kama kile. Upande mmoja wa yai ulikuwa mtupu. Upande wa pili mishipa ilikuwa imesongamana, mingi, minene, imebanana kama watu waliokimbilia mlango mmoja.

"Mama, njoo uone."

Scola aliinama, akatazama. "Mapendo," akasema.

"Mama, Mapendo hata hakuyaona haya mayai. Sanduku lilikuwa limefungwa."

"Mwenye jicho hana haja ya kufunua sanduku."

Dainess aliyarudisha mayai yaliyo hai. Mikono ilikuwa inamtetemeka, akafikiri ni uchovu wa kulea. Akampigia simu bwana mifugo wa kata, Castory, akamwomba apite.

*

Castory alikuja na pikipiki yake asubuhi, buti zimejaa tope jekundu la Mwandiga. Alikuwa kijana wa watu, mcheshi, mgeni katika mtaa ule.

Sasa mwanamume mgeni haingii chumba cha mzazi. Na mtoto ambaye hajatolewa nje hatajwi mbele ya mtu usiyemjua, maana hujui amekuja na nini machoni. Scola alimwambia Dainess akae kimya ndani asionekane, akaitoa trei moja ya mayai, akamwekea Castory sebuleni. Khanga ilikuwa imeshuka mlangoni, waya unapita chini yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mayai yetu yanakufa."

Castory alichukua yai, akalimulika, akaligeuza. Akajikuna shingo. Halafu akaangalia vidole vyake, akavinusa.

"Mama, haya mayai yamepakwa nini?"

"Mawese. Kidogo tu, yasikauke."

Castory alicheka mpaka akashika kiti. "Mawese! Mama, ulitaka kuyatotolesha au kuyakaanga?"

Scola hakucheka. Toka azaliwe hapakuwa na mtoto wa kiume wa umri ule aliyemcheka ndani ya nyumba ya mwanawe. Castory aliona, akajirudi, akaanza kueleza kwa upole.

"Yai linapumua, mama. Ganda lina vitundu ambavyo jicho halivioni, na hewa inaingia hapo. Hii mishipa unayoiona ndiyo mapafu ya kifaranga kabla hajawa na mapafu. Inatambaa chini ya ganda kuifuata hewa. Wewe ukaziba huku, ikakimbilia huku kulikobaki wazi. Umeona ilivyojazana? Inatafuta. Hewa ikizidi kupungua, inatafuta, inatafuta, mwisho moyo unachoka. Ndiyo hizi pete za damu." Aliliweka yai chini. "Tena haya yanaonekana yamekosa hewa kuliko ambavyo mafuta peke yake yangeziba. Mashine inakaa wapi?"

"Chumba cha ndani."

"Kina dirisha?"

"Cha kioo," alisema Scola, na fahari ikamrudia kidogo.

"Linafunguliwa?"

"Joto si litatoka?"

"Mna jiko la mkaa humo?"

"Lipo. Umeme ukikatika linasaidia."

Castory hakucheka tena. "Mama, nisikilize. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa unakula hewa, na unaacha hewa nyingine mbaya. Haina harufu. Haina rangi. Huwezi kuiona. Chochote kinachopumua humo kitakufa, siyo mayai tu. Itoe mashine leo hii." Aliutazama mlango wenye khanga. "Hakuna mtu anayelala humo?"

Nyuma ya khanga ile, hatua chache tu, Dainess alikuwa ameketi kitandani na mtoto kifuani. Alilisikia swali. Alijua kwamba ameambiwa akae kimya. Alimwangalia mtoto, na kama mtoto angelia wakati ule, hata kilio kidogo cha kuota, habari hii isingeandikwa. Mtoto alikuwa mpole.

"Hakuna," alisema Scola. "Vitu tu."

*

Pikipiki ilipopotea, Dainess alitoka akasimama mlangoni, ameushika ukuta.

"Mama, amesema hewa ni mbaya humu."

"Amesema habari ya mayai."

"Amesema chochote kinachopumua."

"Dainess, wewe ni yai?"

Lilikuwa neno la kuchekesha, na Scola alilisema kwa sauti ya kuchekesha, na Dainess akacheka, kwa sababu mkamwana afanye nini akiulizwa hivyo? Jioni mumewe alipouliza bwana mifugo amesemaje, Scola ndiye aliyejibu. Alisema mashine inatakiwa ihamie sebuleni. Elikana akaibeba mwenyewe. Waliyafuta mayai mawese kwa kitambaa cha uvuguvugu, moja moja, wakaiweka mashine karibu na dirisha, na dirisha la sebuleni wakaliacha wazi, maana mtaalamu amesema.

Waya haukuwa na kazi tena mlangoni. Scola aliuvuta, akausukuma mlango wa chumba, ukaingia mahali pake bila sauti.

"Afadhali," alisema. "Sasa unafungika vizuri."

Siku zile jua lilikuwa kali, jiko likawa linaingizwa asubuhi tu, wakati wa kukandwa, likatolewa. Dainess aliona kichwa kimepungua, akafikiri labda kweli tumbo lilikuwa linajisafisha. Mayai nayo yaligeuka. Kila Scola alipoyamulika aliona mishipa imetambaa mbali zaidi, imevuka mpaka ule upande uliokuwa mtupu, myembamba, mizuri, inafika kila mahali. Akampenda yule kijana wa pikipiki ambaye alimcheka. Akampigia Frida mwenyewe, akamwambia vifaranga vipo.

Halafu mvua ikaja.

*

Ilitoka ng'ambo ya ziwa asubuhi, nyeusi, na ilipofika haikuwa na haraka ya kuondoka. Elikana alikuwa Katonga, dagaa wake wamelowa kwenye vichanja. Baridi iliingia mpaka kwenye mifupa. Scola alijaza jiko mkaa mpaka juu, akalipepea uani chini ya banda hadi likawa jekundu, akaliingiza chumbani.

"Mama," alisema Dainess, "leo mlango uache wazi kidogo."

"Kwa mvua hii? Mtoto apate nimonia, niambiwe nimemuua?" Akamfunika mtoto blanketi. Akatoka, akauvuta mlango, akachukua gunia la dagaa lililokauka, akalisokomeza chini ya mlango ambapo upepo ulikuwa unapita. Alifanya hivyo kwa makini, kona mpaka kona, kama mtu anayemfunika mtoto wake.

Mapendo alikimbia kutoka kwake na beseni kichwani kuikinga mvua, akaingia sebuleni anacheka, amelowa.

"Nimekuja kuona ile mayai. Watu wanasema yamefufuka."

Scola hakupenda, lakini hakuwa na jinsi ya kukataa mbele ya mvua. Akatoa yai, akalimulika. Mapendo aliinama, akasahau kusema. Kifaranga kilikuwa kikubwa sasa, kivuli cheusi kinachojigeuza, na mishipa imekizunguka kama wavu mwekundu.

"Kinacheza!" alisema Mapendo.

"Kinapumua," alisema Scola. "Hujui? Yai linapumua." Akamweleza yote aliyoelezwa, habari za vitundu na mishipa, na ilivyo vibaya kuziba. Alieleza vizuri. Alikuwa hajasahau hata neno.

Ndani ya chumba kitu kilianguka, kama kikombe. Dari lilikuwa linameza kelele za mvua, na mlango ule ulikuwa umeziba vizuri, sauti ikaja ndogo sana.

"Dainess?" aliita Scola.

Kimya.

"Nenda umwone," alisema Mapendo.

"Mwache alale. Mzazi akipata usingizi haamshwi."

"Na mutoto?"

"Mtoto wetu halii, si unajua."

Walimulika yai lingine. Mapendo alikuwa analirudisha kwenye trei alipoona jambo. Alitazama chini, kwenye mlango wa chumba. Ncha ya gunia ilikuwa inasogea. Ilikuwa inaingia ndani, kidogo, ikasimama, ikaingia tena kidogo.

"Mama Elikana. Gunia linaingia."

Scola aligeuka. "Mtoto wa watu huyu!" alisema kwa hasira. "Nimemwambia baridi." Akanyanyuka kwenda kumgombeza. Gunia lilikuwa limeshatoka lote, uwazi umebaki chini ya mlango. Aliusukuma mlango. Ulifunguka kidogo tu, ukagota kwenye kitu. Kitu kile hakikuwa kigumu.

"Dainess, toka mlangoni."

Akasukuma tena. Kisha akapiga magoti akachungulia kwenye ule uwazi wa chini, na hapo akaiona midomo ya mtoto, midogo, myekundu sana, imewekwa sawasawa na uwazi, na nyuma yake mkono wa Dainess umemshika kichwa asigeuke.

Mapendo hakusubiri kuambiwa alichokiona. Alichukua mchi wa kinu uani, akazunguka nyumba kwenye mvua, akalipiga lile dirisha la alumini. Kioo cha Elikana kilipasuka chote. Alipanda juu ya vipande vyake, akajikata mkono, akaingia, akamvuta Dainess kutoka mlangoni. Mtoto walimtoa nje mvuani, amelegea kama nguo. Mvua ikampiga usoni. Akakunja uso. Akalia.

Alilia kwa sauti ambayo watu wa mtaa ule walikuwa hawajaisikia tangu azaliwe. Alilia njia nzima kwenye bajaji, kwenye mapaja ya Mapendo, na mama yake amelala kimya miguuni mwao.

*

Hospitalini alitoka daktari, dada mdogo, akamkuta Scola kwenye benchi.

"Mna jiko la mkaa humo chumbani?" aliuliza.

Lilikuwa swali lilelile. Scola alilitambua kama unavyomtambua mtu.

"Lipo," alisema.

"Nani alikuwa analala humo?"

Elikana alikuwa amefika, ananuka dagaa na mvua, amesimama anamwangalia mama yake.

"Mkamwana wangu," alisema Scola. "Na mtoto wake. Wote walikuwa wanalala humo."

Dainess alifariki jioni ile. Mtoto aliwekewa mpira wa oksijeni, akakaa siku kadhaa, akarudi nyumbani analia vizuri.

Vifaranga walianguliwa msibani. Wanawake wamejaa sebuleni, wamekaa mikekani, wanalia, na chini ya kilio chao ikasikika sauti ndogo, piu, piu, ndani ya sanduku. Waliokuwa karibu walinyamaza. Kisha wote wakanyamaza. Mapendo ndiye aliyenyanyuka, mkono umefungwa bandeji, akaichomoa mashine, akaibeba na vifaranga wake mpaka kwake. Hakuna mtu aliyemuuliza jicho lake limefanya nini.

Castory alikuja kutoa pole. Alikaa nje na wanaume. Alipomwona Elikana anapita na mtoto mchanga begani, alisimama.

"Huyu mtoto," alisema, "siku ile nilipokuja, alikuwa wapi?"

Wanaume waliinamisha vichwa. Scola alikuwa karibu, amebeba sahani. Aliiweka chini, akaingia ndani.

Dirisha lile halikuwekwa kioo kingine. Elikana alipiga wavu wa mbu tu, na mtoto analala hapo chini yake, amevikwa nguo juu ya nguo, kofia na soksi, hata ziwa linapovuma. Watu wanasema atakufa kwa baridi. Hajafa.

Na Scola mmemwona. Akisikia mtu amejifungua, iwe Ujiji, iwe Katonga, anakwenda. Hasubiri kualikwa. Anapiga hodi, anafika kwenye mlango wa chumba, anainama na goti lake bovu, anaweka kiganja chini ya mlango kusikilizia kama hewa inapita. Halafu anaingia, anabeba jiko kwa mikono yake, anakwenda kulimwaga uani. Baadhi ya nyumba wanamshukuru. Nyingi wanamfukuza. Wiki iliyopita mwanamke mmoja kule Katonga, mwenye binti yake ndani, alisimama mbele ya mlango, mikono kiunoni.

"Si wewe ndiye uliyemuua mkamwana wako?" alimwambia, watu wote wanasikia.

"Ndiyo, ni mimi," alisema Scola. "Fungua dirisha."